Programu ya Nakala Inapolalamikia Diski: Okoa Kumbukumbu Kwanza, Tengeneza Baadaye

(Matini ya mada iliyotolewa kwa wakazi wa kata kuhusu utunzaji wa kumbukumbu katika kompyuta)



Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kauli hiyo ilinenwa wakati daftari lilikuwa karatasi zenye jalada gumu, likifungiwa sandukuni. Leo daftari la kikundi cha kuweka na kukopa, orodha ya wanafunzi, mihtasari ya mikutano ya kijiji na rejesta ya viwanja aghalabu vimehamia katika kompyuta. Mali ingalipo na daftari lingalipo. Kilichobadilika ni sanduku. Sanduku hili jipya lina tabia moja ambayo lile la zamani halikuwa nayo: huweza kuoza ndani huku nje likionekana zima.

Mada hii inahusu siku moja katika maisha ya sanduku hilo. Ni siku ambayo programu ya kutengeneza nakala rudufu, yaani nakala ya akiba ya kumbukumbu zote, inasimama katikati ya kazi na kuandika kwenye skrini kwamba imekuta hitilafu katika diski. Wapo wanaoufunga ujumbe huo na kuendelea na shughuli. Wapo pia wanaoingiwa na hofu na kubonyeza kila kitufe kilichoandikwa neno la ukarabati. Makundi yote mawili huweza kupoteza kumbukumbu, kundi la kwanza polepole na la pili kwa mkupuo. Jambo la kushikwa ni moja: uokoaji hutangulia, ukarabati hufuata.

Kwa nini programu ya nakala hugundua kwanza

Mtumiaji wa kompyuta hufungua faili chache kila siku: hesabu za mwezi huu, barua ya wiki hii, orodha ya mkutano ujao. Faili za mwaka juzi hukaa bila kuguswa. Sehemu ya diski zilimohifadhiwa ikichakaa, hakuna ajuaye, maana hakuna aliyekwenda kuzitazama. Programu ya nakala haina upendeleo huo. Inapotengeneza nakala kamili, hupita faili kwa faili, za jana na za miaka kumi iliyopita, na kila moja huisoma tangu mwanzo hadi mwisho. Ni mithili ya mfugaji anayehesabu ng'ombe wote zizini badala ya kuridhika na wale waliosimama karibu na lango. Akikuta mmoja hayupo, lawama si ya hesabu.

Ndiyo sababu mtu husema, "Kompyuta inafanya kazi vizuri, ila hii programu ya nakala ndiyo mbovu," akaiondoa. Kwa kufanya hivyo amemfukuza mlinzi aliyemletea habari.

Diski hukosea vipi

Diski ya sumaku ina sahani zinazozunguka, aghalabu mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache tu, ilhali unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Kwa hiyo kompyuta ikianguka, au hata ikigongwa kwa nguvu wakati inafanya kazi, kichwa huweza kugusa sahani na kuikwaruza.

Kumbukumbu huandikwa katika vipande vidogo viitwavyo sekta. Kila sekta hubeba baiti 512, au baiti 4,096 katika diski za miaka ya karibuni. Pamoja na kila sekta, diski huandika tarakimu za ziada za uhakiki. Wakati wa kusoma, hulinganisha tarakimu hizo na kilichosomwa. Kosa likiwa dogo, diski hulisahihisha kimyakimya. Likiwa kubwa, hurudia kusoma mara nyingi, na hapo ndipo kompyuta huonekana kana kwamba imeganda. Ikishindwa kabisa, hukiri. Ungamo hilo ndilo ambalo programu ya nakala hulifikisha kwa mwenye kompyuta.

Diski za aina ya SSD hazina sahani wala kichwa. Huhifadhi kumbukumbu katika chipu. Hustahimili kuanguka kuliko zile za sumaku, lakini nazo huchakaa kadiri zinavyoandikwa, na baadhi huzimika ghafla bila dalili yoyote.

Kisa cha Mama Katibu

Ili maelezo yasibaki hewani, chukulieni mfano wa katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa chenye wanachama thelathini. Ni mwezi wa kumi na moja, na mgawo wa mwisho wa mwaka umekaribia. Hisa za kila mwanachama, mikopo, marejesho na mfuko wa jamii vimo katika kompyuta moja ya mkononi. Kila Ijumaa jioni Mama Katibu huchomeka diski ya nje na programu hunakili kila kitu. Ijumaa hii kazi inasimama njiani, na skrini inaonyesha ujumbe wa hitilafu wenye msimbo 0x80070017.

Anachokifanya Mama Katibu katika saa moja ijayo ndicho kitakachoamua kama wanachama thelathini watagawana kwa haki au watagombana kwa kubahatisha.

Hatua ya kwanza ni kuuandika ujumbe. Auandike wote karatasini, pamoja na msimbo na jina la faili iliyotajwa, au aupige picha kwa simu. Misimbo haifanani maana. Katika kompyuta za Windows, 0x80070017 humaanisha kwamba kilichosomwa hakikupita uhakiki. Msimbo 0x8007045D humaanisha kwamba mawasiliano kati ya kompyuta na kifaa yameshindikana. Msimbo 0x80070570 huonyesha kwamba faili au folda imeharibika na haisomeki. Msimbo 0x80070070 hauhusu ubovu hata kidogo: nafasi katika diski inayopokea imekwisha. Mtu anayemwambia fundi, "Imeandika kitu cha Kiingereza, nikafunga," amemnyima fundi nusu ya kazi.

Hatua ya pili ni kuilinda nakala ya zamani. Hapa wengi hujikwaa. Programu nyingi za nakala huweza kuruka faili zisizosomeka na kuendelea, kisha zikaandika kwamba kazi imekamilika ikiwa na maonyo. Programu hizo pia hufuta nakala kuukuu ili kupata nafasi ya mpya. Zikiachwa ziendelee wiki baada ya wiki, nakala ya mwisho iliyokuwa kamili hufutwa, na zinabaki nakala mpya zenye mapengo. Kwa hiyo Mama Katibu asitishe ratiba ya kunakili na kuichomoa kwa utaratibu diski yenye nakala ya Ijumaa iliyopita. Diski hiyo sasa ni amana, na haiandikwi chochote hadi mambo yatulie.

Hatua ya tatu ni kuokoa kwa mkono kilicho na thamani. Atumie diski nyingine au flashi nyingine, akianza na vitu vidogo visivyoweza kupatikana kwingine: daftari la hisa, orodha ya mikopo, mihtasari, katiba ya kikundi. Picha zifuate. Programu na filamu ziachwe, maana hizo huweza kupatikana tena. Anakili folda moja baada ya nyingine wala asikusanye vyote kwa pamoja. Faili ikikwama, airuke na kuendelea na nyingine, kisha airudie mwishoni. Diski iliyoanza kufa ni kama kisima kinachokauka: huchotwa kwanza maji ya kunywa, ya kufulia hufuata.

Kuna hali moja inayovunja utaratibu huu. Diski ikitoa sauti ya kugonga au kukwaruza inayojirudia, kompyuta izimwe papo hapo na isiwashwe tena. Sauti hiyo huashiria kwamba sehemu za ndani zimeharibika, na kila dakika ya kuzunguka huongeza hasara.

Hatua ya nne ni kumtafuta mkosaji wa kweli. Ujumbe wa hitilafu ya diski si lazima uwe na maana kwamba diski ya kompyuta ndiyo mbovu. Katika kunakili kuna pande tatu: diski inayosomwa, diski inayoandikwa, na njia kati yao. Kebo iliyolegea, tundu la USB lenye vumbi, au kigawanyo cha USB kisichopitisha umeme wa kutosha huweza kuzalisha ujumbe uleule. Basi kebo ibadilishwe, diski ya nje ichomekwe moja kwa moja kwenye kompyuta katika tundu jingine, na kazi ijaribiwe kwa diski nyingine ya kupokelea. Kosa likihama pamoja na diski ya nje, mkosaji ni diski ya nje. Likibaki kwenye faili zilezile za kompyuta, mkosaji amo ndani.

Katika upande wa kupokelea kuna mitego miwili ya kawaida. Mtego wa kwanza ni diski iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja iliyofikia GB 4. Programu inayofunga nakala yote katika faili moja kubwa itashindwa kila mara, ijapokuwa diski ni nzima. Mtego wa pili ni flashi za bandia. Huandikwa ubavuni GB 256, ilhali ndani uwezo wake ni sehemu ndogo ya hizo. Hupokea kila kitu bila kulalamika, na kilichozidi hupotea. Programu za bure H2testw na F3 hujaza flashi tupu kwa data za majaribio, kisha huzisoma tena ili kuhakikisha kwamba uwezo uliotajwa ni wa kweli. Flashi mpya ipimwe kabla ya kukabidhiwa amana.

Hatua ya tano ni kuiuliza diski afya yake. Diski nyingi huweka ndani yake kumbukumbu za afya ziitwazo SMART, ambazo husomwa kwa programu za bure kama CrystalDiskInfo au smartctl. Mistari minne yatosha kwa kuanzia. Namba 5 huhesabu sekta mbovu ambazo diski imezihamishia kwenye akiba. Namba 197 huhesabu sekta zinazotiliwa shaka na kusubiri uamuzi. Namba 198 huhesabu zilizoshindikana. Namba 199 huhesabu makosa ya mawasiliano, ambayo mara nyingi hutokana na kebo. Ikiwa 199 inaongezeka huku nyingine zikibaki sifuri, ibadilishwe kebo kwanza. Ikiwa 5, 197 au 198 zinapanda wiki hadi wiki, diski hiyo inaaga.

Mwaka 2007 watafiti wa kampuni ya Google walichapisha matokeo ya uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000. Walikuta kwamba diski iliyopata kosa lake la kwanza la ukaguzi ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko diski isiyo na kosa hilo. Lakini uchunguzi huohuo ulionyesha pia kwamba zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata mojawapo ya dalili nne kuu. Mafunzo ni mawili. Dalili mbaya ikionekana iaminiwe. Dalili njema isimpe mtu usingizi.

Hatua ya sita, na ni ya sita kwa makusudi, ni ukarabati. Windows ina amri iitwayo chkdsk. Ikitolewa bila nyongeza, hukagua tu bila kubadilisha chochote. Ikiongezewa /f, hurekebisha mpangilio wa faili. Ikiongezewa /r, hufanya hivyo na pia husoma diski nzima kutafuta sekta mbovu, kazi inayoweza kuchukua saa nyingi. Amri hii huleta nafuu pale umeme unapokatika ghafla na kuacha mpangilio wa faili umevurugika, ilhali diski yenyewe ni nzima. Katika diski inayokufa, huweza kuwa msumari wa mwisho. Kazi yake ni kuurudisha mpangilio uwe sahihi, na wajibu huo hauilazimu kuziokoa faili zote. Vipande ambavyo haikutambua ni vya nani huviweka katika folda kama FOUND.000 vikiwa na majina yasiyoeleweka, na zile saa nyingi za kusoma huichosha diski iliyokwisha kuchoka.

Kwa hiyo Mama Katibu akifika kwa fundi, na fundi akaanza kwa kumuuliza, "Mama, vitu vyako umevihamishia wapi kabla sijaigusa?" ajue amefika mahali pema. Fundi anayeanza kwa kusema, "Acha hapa, naipiga chini kila kitu, kesho asubuhi uje," aambiwe kwa heshima asubiri. Kwa diski yenye kumbukumbu nzito, fundi mwenye ujuzi huweza kutumia programu huria iitwayo GNU ddrescue. Programu hiyo hunakili kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, kisha huzirudia zile ngumu, ikiandika pembeni ilipofikia ili isipoteze kazi ikikatizwa. Uchunguzi na ukarabati vyote hufanywa juu ya nakala hiyo, na diski mgonjwa hupumzishwa.

Siri za watu zimo humo

Ndugu wananchi, diski ya katibu haibebi hesabu tu. Imebeba majina, namba za simu, namba za vitambulisho na madeni ya watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na hifadhi ya taarifa hizo ni wajibu wa anayezitunza. Diski inayopelekwa kwa fundi iandikwe katika daftari la makabidhiano: siku, jina la aliyepokea na sababu. Diski iliyokufa isitupwe jalalani wala isiuzwe kama chuma chakavu ikiwa nzima, kwa kuwa kufa kwake kwa mtumiaji si kufa kwake kwa mjuzi. Ile ya sumaku itobolewe sahani. Ile ya SSD ivunjwe chipu zake.

Baada ya dhoruba

Kumbukumbu zikishaokolewa na diski mpya ikishawekwa, kazi moja hubaki ambayo husahaulika mno: kujaribu kurejesha. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni ahadi tu. Mara moja kila miezi mitatu, katibu achague faili tatu, moja ya mwaka huu na mbili za zamani, azirejeshe katika kompyuta nyingine na kuzifungua mbele ya mwenyekiti na mhazini. Jaribio hilo la robo saa huonyesha mengi kuliko alama ya kijani kwenye skrini.

Utaratibu unaopendekezwa kwa ofisi ndogo ni wa tarakimu tatu: 3, 2, 1. Nakala ziwe tatu, pamoja na ile ya kazini. Zikae katika vifaa vya aina mbili. Moja kati yake ikae mahali pengine, mbali na jengo hilo, ili moto, mafuriko au mwizi wa usiku mmoja asizichukue zote. Kifaa cha kunakilia kisiachwe kimechomekwa daima, maana radi inayopita kwenye waya wa umeme, au programu haribifu, huweza kukifikia pamoja na kompyuta. Huduma za mtandaoni zinazolinganisha folda ni msaada, lakini zisihesabiwe kuwa nakala rudufu peke yake: faili ikifutwa kwenye kompyuta, nyingi ya huduma hizo huifuta na kule. Na karatasi isidharauliwe. Muhtasari wa hisa na madeni uliochapishwa kila mwezi na kusainiwa na viongozi watatu haujui hitilafu ya sekta.

Gharama ya diski ya pili ni ya kugawana. Kikundi cha watu thelathini kikichanga, mzigo wa kila mmoja huwa mdogo. Gharama ya kuijenga upya rejesta ya viwanja ya kijiji, kwa kumwita kila mzee aseme mpaka wake ulipita wapi, haigawanyiki hivyo. Huko hutoka kesi za mashamba, ndugu hununiana, na aliyekuwa mnyonge huondoka na kidogo kuliko alichokuwa nacho.

Kwa hiyo serikali za vijiji, kamati za shule na vikundi vinaombwa kuliingiza jambo hili katika ajenda ya kikao kijacho, kwa maswali manne yanayojibika: Nakala ya mwisho ilifanywa lini? Iko wapi? Nani mwingine anajua kuifungua? Ilijaribiwa kurejeshwa lini? Swali lolote litakalokosa jibu ndilo kazi ya wiki hiyo.

Na siku programu ya nakala itakapolalamika, yeyote aliye mbele ya kompyuta akumbuke mpangilio: aandike ujumbe, ailinde nakala ya zamani, aokoe vya thamani, amtafute mkosaji, apime afya ya diski, na mwisho kabisa akarabati.